Aya Tunayoikatiza Katikati

Mama mjamzito hupimwa VVU kliniki, kwa hiyo mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujua. Akirudi nyumbani na majibu, anaitwa mleta ugonjwa, anapigwa. Dawa anazificha kwenye debe la unga. Siku mume akishinda nyumbani, hamezi. Na dozi zikirukwa, virusi hupata nafasi.

Kisha anakuja kwetu. Sisi wazee wa kanisa (nami nimekaa kwenye vikao hivyo) tunamfungulia Malaki 2:16, kwamba Mungu anachukia kuachana, tunamwombea, tunamrudisha. Mbona tunaishia katikati? Aya hiyo hiyo inamtaja mwenye udhalimu, naye Mungu anamchukia. Mume hatujawahi hata kumwita. Kikao kijacho tuanze na yeye, mama akiwa tayari mahali salama.