Mpira Urushwao Juu na Maswali Matatu ya Mzazi

Wazazi wenzetu, wapo vijana wengi wanaoiaga Fizikia mapema wakidhani kuwa hawana akili yake. Tukiyatazama madaftari yao, mara nyingi twaona kuwa hesabu wanaijua. Kilichowaangusha ni alama moja ya kutoa iliyosahauliwa. Kosa hilo hujitokeza sana katika maswali ya mwendo wa wima, yaani wa kitu kinachorushwa juu au kinachoanguka.

Tuchukue mfano. Mpira unarushwa wima kwenda juu kutoka ukingo wa paa lililo mita 25 juu ya ardhi, kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Tukipuuza upinzani wa hewa, utafika chini baada ya muda gani? Kabla ya kushika kanuni yoyote, mtoto na aulizwe mambo matatu.

Kwanza, upande upi ni chanya? Akichagua juu, basi kila kielekeacho chini kiwe hasi hadi mwisho wa swali. Kasi ya kuanzia ni 20. Mvutano wa dunia hubadili kasi hiyo kwa takriban 10 kila sekunde, nao huvuta chini, hivyo ni −10. Ardhi nayo iko −25, kwa kuwa iko chini ya pale mpira ulipoanzia.

Pili, kileleni kuna nini? Wengi hujibu kuwa kila kitu ni sifuri. Sivyo. Kasi ndiyo sifuri, bali mvutano haupumziki. Ungepumzika, mpira ungebaki ukielea angani. Kilele hufikiwa baada ya sekunde 2, mita 20 juu ya paa.

Tatu, je, jibu laingia akilini? Kanuni hutupa −25 = 20t − 5t², yaani t² − 4t − 5 = 0. Majibu ni 5 na −1. La pili twalikataa, kwani wakati huo mpira ulikuwa haujarushwa. Tuhakikishe: kutoka kileleni hadi ardhini ni mita 45, safari ya sekunde 3, ukijumlisha 2 za kupanda, ni 5.

Aliyeandika 25 chanya atapata t² − 4t + 5 = 0, mlinganyo usio na jibu katika namba za kawaida. Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini. Kumbe mlinganyo umesema kweli: ameuliza lini mpira utafika mita 25 juu ya paa, nao haupiti 20!

Mzazi asiyesoma Fizikia anaweza kuyauliza maswali haya matatu na kusubiri kwa utulivu mwanawe ajieleze. Huenda alama moja ikirekebishwa, kijana akabaki katika somo alilokuwa tayari kuliacha.