Jua Haliombwi Ruhusa, Mtu Huombwa

Mgeni aendaye Mombasa na kamera kutafuta jua likichwa baharini hupoteza safari. Pwani yetu yaelekea mashariki: miamba ya matumbawe hupokea macheo, na machweo huwa mgongoni, barani. Alitakaye jua juu ya maji na aende Garissa, asimame ukingo wa mashariki wa Mto Tana. Kabla ya adhana ya magharibi, jua hushuka ng'ambo, upande wa Madogo.

Lakini ukingoni hapo wafugaji huleta mifugo kunywa. Wageni huwapiga picha bila hata salamu. Mzee mwenye ngamia wake walioshiba yaweza picha yake kuishia Ulaya, ikaitwa ya njaa. Basi salamu kwanza, idhini pili, picha baadaye.