Moshi wa Asubuhi Sio Kifo cha Injini

Wasee, kabla mtu akuambie injini yako imekufa, muulize swali moja: moshi inatoa saa ngapi?

Naandika hii nikiwa na hasira. Binamu yangu ana boda hapa Kiritiri. Kila asubuhi akipiga stata, moshi wa bluu. Dakika moja hivi, unaisha. Fundi mmoja akamwambia ringi zimeisha, lazima injini ifunguliwe. Akatoa akiba yote, hadi karo ya mtoto. Ringi mpya, pistoni mpya, silinda ikachongwa. Siku chache baadaye, asubuhi? Bluu tena.

Mimi niliacha chuo, na sikuwa nasomea injini. Lakini hii haihitaji digrii.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Ukizima injini, oili nyingine inabaki juu kwa kichwa, penye valvu. Kila valvu ina sili, kampira kadogo kanakozuia oili isiteremke. Joto la miaka linakausha huo mpira, unakuwa mgumu. Usiku kucha oili inashuka polepole kando ya valvu hadi ndani. Ukiwasha, inaungua yote, moshi unakatika. Ringi zikiisha ni story tofauti: moshi haukatiki, na ukipanda mlima na mzigo ndio unazidi.

Hata Subaru mnazopenda, silinda zake zimelala ubavu. Ikikaa muda bila kuwashwa, kamoshi kadogo si ajabu.

Sisemi upuuze. Injini inayokula oili, pima oili kila mara, juu ikipungua sana hapo ndio utaiua kweli. Na ukienda kununua gari, muuzaji akikuambia uje saa tano, wewe fika saa moja. Gusa boneti. Ikiwa na moto, ushahidi ameshauchoma.

Mafundi wazuri ni wengi. Mmoja wao ndiye alibadilisha zile sili, moshi ukaisha, na karo haikurudi. Hiyo ndiyo inaniuma. Kuuliza fundi "umejuaje?" sio madharau. Pesa ni yako. Akijua kazi yake atakuonyesha. Akikasirika, sukuma boda yako uende kwa mwingine.

Nani mwingine amefunguliwa injini bure?