Kampuni inapouzwa, nani humlinda mfanyakazi aliye mbali?

Mwanzoni mwa Novemba 2022, wafanyakazi wa Twitter mjini Accra walihamia katika ofisi yao mpya, makao ya kampuni hiyo barani Afrika. Siku chache baadaye, karibu wote walipoteza kazi. Taarifa iliwafikia kwa barua pepe.

Elon Musk alikuwa amekamilisha ununuzi wa kampuni hiyo Oktoba 27 kwa dola bilioni 44. Takriban bilioni 13 kati ya hizo zilikuwa mikopo iliyobebeshwa kampuni yenyewe, na riba yake ilikadiriwa kupindukia dola bilioni moja kwa mwaka. Panga likaangukia mishahara: Novemba 4, takriban nusu ya wafanyakazi wapatao 7,500 duniani waliachishwa kazi.

Waliosalia nao hawakupata utulivu. Katikati ya Novemba walitakiwa wachague kufanya kazi kwa saa nyingi na bidii isiyo ya kawaida, au kuondoka na malipo ya miezi mitatu. Mamia waliondoka. Aprili 2023, Musk aliiambia BBC kwamba wamebaki wapatao 1,500.

Mjini Accra suala hilo lilichukua sura ya kisheria. Sheria ya Kazi ya Ghana ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi amjulishe Afisa Kazi Mkuu miezi mitatu kabla, na malipo yajadiliwe na pande zote. Wafanyakazi walilalamika kwamba hayo hayakufanyika. Ulipita mwaka mzima kabla ya wawakilishi wao kutangaza kuwa mapatano ya malipo yamefikiwa.

Swali hilohilo linaihusu Nairobi, ambako kampuni nyingi za kigeni za teknolojia zina ofisi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja na kiinua mgongo kisichopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka wa utumishi. Nchini Tanzania, kiwango cha chini ni siku saba. Kwa kijana aliyeajiriwa mwaka mmoja tu, fedha hizo ni kidogo mno. Kinga yake kubwa ni wajibu wa mwajiri kutoa notisi na kushauriana kabla ya kumwondoa. Wajibu huo ukipuuzwa, humlazimu kudai haki akiwa hana mshahara, huku kodi ya nyumba ikimsubiri kila mwezi.