Mtangazaji akipigwa chini, sababu huwa moja tu?

Mtangazaji wa soka akitoweka hewani, shabiki wa Kinyala anayesikiliza redio huku anachuma chai hapewi maelezo. Jumatatu sauti ipo, Jumanne haipo. Tangazo la kampuni, kama lipo, linataja nidhamu basi. Yaliyobaki yanajadiliwa vijiweni Tukuyu mjini.

Na vijiwe vina haki ya kuuliza. Mchukulie Andy Gray wa Sky Sports. Januari 22, 2011, Wolves wakiwakaribisha Liverpool, Gray na mwenzake Richard Keys walinaswa nje ya matangazo wakimkejeli mwamuzi msaidizi Sian Massey, eti mwanamke hajui sheria ya kuotea. Siku hiyohiyo Massey aliacha kibendera chini kwenye bao la kwanza la Liverpool, na marudio yakaonyesha yuko sahihi! Siku tatu baadaye Gray akala chini, baada ya mkanda mwingine wa Desemba kuibuka. Kesho yake Keys akajiuzulu.

Kosa lilikuwepo, halina utetezi. Lakini mkanda wa Desemba ulikaa wapi muda wote huo? Gray wakati huo alikuwa analishtaki gazeti la News of the World kwa kudukua simu yake, na wenye gazeti, News Corp ya Rupert Murdoch, walishika asilimia 39 ya hisa za BSkyB. Sky ilisimama kwenye nidhamu na hakuna aliyethibitisha vingine. Ila Juni gazeti lilikubali kumlipa Gray pauni 20,000, na Julai likafungwa.

Huku kwetu bosi hahitaji hata mkanda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka athibitishe sababu halali na utaratibu wa haki, na aliyeonewa ana siku 30 kufika CMA. Sawa. Sasa yule kijana wa redio ndogo anayelipwa posho ya mechi, bila karatasi yoyote? Huyo hafukuzwi. Haitwi tena tu. Inawezekana alimkosoa kocha, inawezekana mdhamini alipiga simu, nani atajua?

BBC ilipomsimamisha Gary Lineker Machi 2023, Ian Wright na Alan Shearer waligoma kuingia studio, na ndani ya siku chache jamaa akarudi. Hapa mwenzako akiondolewa asubuhi, jioni watu wanagombea kipindi chake.