Mkebe wa chakula cha paka

Wiki hii tuzungumze juu ya vichezeo vya chuma.

Mwaka 1960 kampuni ya Corgi ya Uingereza ilitoa kichezeo kidogo cha metali, mfano wa SR.N1. Hiyo ilikuwa hovakrafti ya majaribio, chombo kinachoelea juu ya hewa, kinapita majini na nchi kavu. Chombo chenyewe kilivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1959. Miaka kumi baadaye kingine, SR.N6, kilisafiri kutoka Dakar mpaka kwetu Kinshasa.

Mwanzo wake ndio unaotuhusu sisi. Mvumbuzi, Christopher Cockerell, alichukua mkebe wa chakula cha paka (ndiyo, huko paka hununuliwa chakula), akauweka ndani ya mkebe mkubwa wa kahawa, akapuliza hewa kwa mashine katika nafasi iliyo kati yake, kisha akapima msukumo kwa mizani ya jikoni. Nguvu ilikuwa kubwa kuliko ya mkebe mmoja peke yake.

Huku Masisi mtoto anatengeneza gari kwa mkebe wa sardini, mwingine anachonga kachukudu ka mti. Sisi tunasema: acha uchafu huo, nenda uchote maji! Akiwa msichana, ndiyo kabisa. Mimi mwalimu naona hesabu pale: asipopima vizuri, gari linaenda upande. Na kile kinachozuia mkebe usipate kutu ni bati, linalotoka katika kasiterite, mawe yale yale yanayochimbwa Bisie, Walikale. Watoto wengi wanayaona yakipita. Wachache wameambiwa yanakokwenda.

Ukingo wa mkebe unakata kama wembe. Ugonge kwa jiwe mpaka ulale, kabla hujampa mtoto. Akikatwa, osha kwa maji safi na sabuni, na uulize kituo cha afya juu ya chanjo ya pepopunda.

Lakini ninaloogopa zaidi ni hili. Chuma cha kuchezea kitoke jikoni kwako, kisiokotwe shambani. Mahali palipopiganwa, gurunedi na mabomu ambayo hayakulipuka hubaki kwenye majani, na mengine mtoto anaweza kuyadhani ni kichezeo. Asiguse, asitupie jiwe, arudi kwa njia ile ile aliyopitia, amwambie mtu mzima. Mwelezeni leo jioni mkiota moto, kisha ayarudie maneno hayo mbele yenu.