Kusoma Kifaransa hadi doktora: tusiwacheke vijana wetu

Juma lililopita familia yetu ilikutana Kadutu, mjini Bukavu, juu ya jambo moja: binti wa dada yangu amemaliza lisansi ya Kifaransa, na anataka kuendelea na masta, kiisha doktora kama Mungu atampa nguvu. Baba yake hakuzunguka. Alisema: «Kifaransa? Si sisi wote tunakisema hapa? Hata mlinzi wa benki anakisema.» Kaka zake wakacheka. Mmoja alimshauri asome uuguzi, mwingine kompyuta. Mama yake, anayeuza vitenge sokoni, alinyamaza. Ni yeye aliyelipa minervali ya miaka yote kwa faida ya vitenge na kwa likelemba ya wenzake, na ndiye atakayeombwa tena.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika sekondari, mwaka wa 19 sasa. Waliponigeukia nilijibu kwamba aende. Siku ile sikueleza vizuri, kelele ilikuwa nyingi. Naeleza hapa, maana najua kuna nyumba nyingi za Bukavu, Uvira, Goma na Butembo zenye mabishano kama hayo.

Hoja ya shemeji yangu si ya kijinga. Kweli tunakisema. Lakini Kifaransa cha barabarani kinatosha kusalimia, kupatana bei na kujisifu kidogo. Kile kinachoamua maisha yetu ni Kifaransa kilichoandikwa. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 1, inasema kwamba lugha rasmi ya inchi ni Kifaransa. Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Maana yake ni kwamba hati ya shamba, hukumu ya korti, barua ya kufukuzwa kazi, vyote vinakufikia kwa lugha ambayo mama yako labda haisomi.

Mfikirie mama wa Walungu aliye mbele ya ofisa wa polisi. Anaeleza kwa Mashi namna shamba la marehemu mume wake lilivyochukuliwa. Anasema shamba lilipatikana kwa kalinzi. Mtu aliyekaa karibu anageuza maneno kwa Kiswahili. Ofisa anaandika PV kwa Kifaransa. Kiisha anamsomea mama kwa Kiswahili, kwa kifupi, naye anatia kidole.

Sasa niulize: kalinzi ni nini kwa Kifaransa? Kila mtu wa Bushi anajua kwamba mtu alimpa mwami au chifu ng'ombe au kitu kingine, akapewa ardhi ambayo watoto wake watairithi, na uhusiano na aliyeitoa hauishi. Siyo kama bwasa, ambayo ni ya muda mfupi tu. Ofisa akiandika kwamba ardhi ilikodishwa, mama amekuwa mpangaji katika shamba la ukoo. Akiandika kwamba iliuzwa, ataulizwa hati ya kununua, na hati hiyo haikuwahi kuwepo. Neno moja, na kesi imekwisha kabla hakimu hajaketi. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 18, inadai kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Nani anachunguza kama inafanyika, na kwa maneno gani? Polisi haina kazi hiyo. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma Kifaransa hadi mwisho, na ambaye hakusahau Mashi na Kiswahili alipokuwa njiani.

Ndiyo sababu nakasirika ninaposikia kwamba masomo haya ni mapambo.

Kuna pia darasa. Kila mwaka wanafunzi wangu wa mwisho wanakwenda kwenye Exetat, na kabla ya siku za mtihani wenyewe wanaandika disertasio. Wengi wamekariri mwanzo mmoja wa kurasa nzuri, wanaubandika juu ya mada yoyote. Siwalaumu. Waliofundisha walimu wao walikuwa ni asistenti na shefu wa kazi waliobebeshwa saa nyingi za masomo, na bila doktora hakuna anayepanda kuwa profesa. Bila profesa hakuna wa kusimamia doktora ya wengine. Ukiukata mti huo kwenye shina, matunda mabaya unayaona sekondari miaka kumi baadaye.

Juu ya fasihi nitasema machache, ingawa ndiyo niliyoipenda zaidi. V. Y. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, alifundisha Lubumbashi, kiisha akaenda Marekani, ambako alifariki Aprili 2025. Riwaya yake ya 1973, Entre les eaux, inamhusu padri anayejiunga na waasi. Hapa Kivu habari hiyo haihitaji maelezo marefu. Mimi niliisoma katika fotokopi ambayo kurasa zake mbili zilikosekana. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa Tram 83 mwaka 2014, kitabu kikasomwa katika lugha nyingi. Yeye anaishi Graz, Austria. Kwa hiyo mtu wa kwetu akifika mbali katika kazi hii, mara nyingi anafika mbali kweli, na habari zake tunazipata kwa simu. Si kosa lake. Lakini kama hakuna hapa wanaosoma vitabu hivyo kwa undani na kuvijadili, basi tutaelezwa sisi ni nani na watu wa Ulaya, kwa Kifaransa kizuri sana.

Hata hivyo sitamdanganya mpwa wangu. Mimi mwenyewe nilianza masomo ya baada ya lisansi, zamani za DEA. Nililipa, nikapata mada, nikapata profesa wa kunisimamia. Mwaka wa pili profesa alipata nafasi inchi nyingine. Barua nilizomwandikia hazikujibiwa. Chuo, ambacho sitakitaja, kilinishauri nitafute mwingine, na huyo mwingine aliniomba nianze upya na mada nyingine. Nilikuwa na watoto watatu. Niliacha. Faili yangu, nilipoiomba baadaye, haikupatikana.

Leo mambo yamebadilika, lakini siyo yote kwa uzuri. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo wa LMD ulienezwa: lisansi miaka mitatu, masta miwili, doktora mitatu. Kwenye karatasi inaeleweka. Lakini mwenye lisansi ya zamani, aliyesoma miaka mitano, bado anazunguka ofisi akiuliza ataingia wapi, na jibu linategemea ofisi. Kiisha ikaja vita: Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu mwezi wa Februari. Benki zilifunga, ndege zikaacha kutua Goma na Kavumu. Mwanafunzi ambaye profesa wake yuko Lubumbashi au Kinshasa alijikuta kama yuko inchi nyingine.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo hayahitaji dola za wafadhili. Kwanza, kila chuo kinachopokea watu wa masta na doktora kibandike kwenye mlango majina ya maprofesa walio tayari kusimamia, na idadi ya wanafunzi ambao kila mmoja tayari anao. Anayelipa ana haki ya kujua kabla ya kulipa. Pili, profesa akiondoka, ni chuo kinachotafuta wa kumrithi, na kazi iliyokwisha kufanywa ihesabiwe. Tatu, utetezi wa kazi kwa njia ya video ukubaliwe kwa maandishi, si kwa huruma ya mkuu wa idara. Wizara ya elimu ya juu inaweza kuandika barua moja ya kurasa mbili juu ya hayo.

Na wazazi? Msimkataze mtoto kwa kucheka. Mwulizeni mada yake ni nini, nani atamsimamia, na atakula nini kwa miaka hiyo. Akishindwa kujibu la pili, asilipe hata franga moja bado. Mpwa wangu tulimwuliza. Mada anayo: namna maneno ya ardhi ya Mashi yanavyogeuzwa kwa Kifaransa katika mafaili ya korti. Juu ya chakula, atafundisha saa chache katika shule tunakofundisha, na mama yake amekubali likelemba ya mwaka mmoja, si zaidi. Baba yake alisema ataona.

Msimamizi hajapatikana. Barua mbili zimekwenda Jumatatu, moja hapa Bukavu, nyingine Lubumbashi. Tunangoja.